Barakoa zenye kidirisha kwa shughuli za Bagamoyo

Kiziwi anayesoma midomo hukwama pale mshereheshaji anapovaa barakoa ya kitambaa. Yenye kidirisha cha plastiki husaidia, ila kwa joto la Bagamoyo inataka matayarisho.

Mpeni barakoa mbili kila mzungumzaji: mshereheshaji, anayepokea wageni mlangoni, na mkalimani wa lugha ya alama. Huyu wa mwisho msimsahau kabisa, maana lugha ya alama huzungumzwa kwa uso pia. Barakoa ya pili ni ya kubadilisha ya kwanza ikilowa.

Adui mkubwa ni ukungu wa pumzi. Weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo upande wa ndani wa kidirisha, sambaza kwa kidole, acha ikauke, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini hadi ubaki utando usioonekana. Ukisuuza, umeuondoa. Bana vizuri waya wa puani. Pumzi ikipenya juu, miwani nayo huingia ukungu.

Plastiki hufifisha sauti za s na sh kuliko barakoa ya hospitali, basi tumieni maikrofoni ya kubana kwenye kola. Ya kushika mkononi huziba mdomo, na kazi yote ikawa bure.

Mzungumzaji asisimame dirisha au bahari ikiwa nyuma yake: uso utakuwa giza. Viziwi wakae safu ya mbele, mita mbili hadi tatu. Hata hivyo midomo pekee haitoshi. Tamka “papa”, “baba” na “mama” mbele ya kioo, utaona zinavyofanana. Majina, saa na bei viandikeni ubaoni.