Namna ya Kuzuru Kilwa Kisiwani kwa Kufuata Maji

Wageni wengi hupanga safari ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale katika pwani ya kusini ya Tanzania, kwa kutazama ratiba ya basi, ilhali jambo la kwanza la kutazama ni mwezi wa angani, kwa kuwa ndio unaoongoza kujaa na kupwa kwa maji. Kisiwa hiki kimetenganishwa na Kilwa Masoko na mlango wa bahari wenye upana wa kilomita mbili hivi. Maji ya katikati ni ya kina kirefu, na ndiyo yaliyoifanya bandari hii ipendwe na majahazi ya Uarabuni na Uhindi kwa karne nyingi. Lakini kando ya kisiwa maji ni haba, hivyo yanapokupwa chombo hukwama mbali na nchi kavu, na abiria hushuka wakatembea topeni wameshika viatu mkononi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa takriban saa nne asubuhi, saa ileile ambayo mgeni amekwisha kunywa chai na yuko tayari kuvuka. Siku za maji mafu, kiasi cha juma moja baadaye, mambo hugeuka: kwenye saa nne hiyo maji huwa yamejaa, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Chagua siku hizo. Ikiwa huna hiari, vuka saa kumi na mbili asubuhi, urudi baada ya adhuhuri maji yanapopanda.

Kufika si kugumu, mradi ukumbuke kwamba Kilwa ni tatu: Kivinje, Masoko na Kisiwani. Kutoka Dar es Salaam hadi Masoko ni kilomita zipatazo 300. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, shuka kwenye njiapanda ya Nangurukuru, kisha utafute gari dogo la Masoko. Lala huko, kwa sababu kibali cha kuingia katika magofu hutolewa na kulipiwa Masoko kabla ya kuvuka, na ada ya raia si sawa na ya mgeni wa nje, kwa hiyo chukua kitambulisho. Huko huko utapewa mwongozaji. Patana na nahodha nauli ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujatia mguu chomboni, na uulize kama kuna jaketi la kuokolea. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huweza kuchafua bahari mchana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvuka mapema.

Ukishuka, jengo la kwanza kukukabili ni ngome iitwayo Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na wakaihama mwaka 1512, ila sehemu kubwa ya kuta unazoziona leo ni za enzi ya Waomani. Usikawie sana hapo. Saa zako zitunze kwa ajili ya Msikiti Mkuu. Ingia kwanza upande wa kaskazini, ambao ni sehemu kongwe ya karne ya 11, ndogo na isiyo na makuba, kisha upite kusini, katika upanuzi wa karne ya 14 ulioezekwa kwa makuba na matao ya matumbawe na chokaa. Simama katikati ya nguzo, utazame juu bila haraka. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta akitawala alipofika hapa mwaka 1331, alikuwa na mapato ya dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na utajiri huo unaonekana katika mawe haya kuliko katika maelezo yoyote.

Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo, liko juu ya genge, yaani ukingo mkali wa mwamba juu ya bahari, upande wa mashariki, mwendo wa miguu wa kama nusu saa kutoka msikitini, na jua ni kali. Beba maji ya kunywa ya kutosha. Kasri lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na halikupata kukamilika. Maji yakiwa yamejaa, nahodha anaweza kukuchukua chini ya genge, ukaepuka kurudi kwa miguu.

Kati ya magofu hayo watu wanaishi, wanavua na kulima, na njia za kwendea hupita mbele ya milango yao. Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti. Kanga moja begani hutosha kumwokoa aliyesahau. Waamkie wazee shikamoo kabla ya kuuliza lolote, na usimpige mtu picha asipokuruhusu. Utaona vigae vya vyombo vya kale vimetapakaa chini, pengine hata sarafu ya shaba. Viache palepale, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii tena mchimbuzi wa mambo ya kale kitu.

Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, usikiunganishe na safari hii. Kiko mbali zaidi kusini, maji yake yana hesabu yake, na kinastahili siku nzima. Ukitaka kwenda, mweleze nahodha jioni ya siku utakayorudi kutoka Kisiwani, ili akupangie saa ya kuondoka kesho yake.