Kabla ya Kumpeleka Mbwa au Paka Kwenye Kituo cha Wanyama

Mtumishi anayehamishwa kutoka Mbeya, au mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki mbwa uani, asidhani kwamba kituo cha kutunza wanyama kinalazimika kumpokea mnyama wake siku hiyo hiyo. Vipo vituo vinavyopokea kila anayeletwa, na kwa sababu hiyo wakati mwingine hulazimika kuwaua kwa sindano waliokosa watu wa kuwachukua. Vingine hupokea kwa kadiri ya nafasi na kumwandika mwenye mnyama kwenye orodha ya kusubiri. Uliza mapema utaratibu ni upi, gharama ni kiasi gani, na mnyama asipochukuliwa atafanywa nini. Swali hili la mwisho ndilo watu hulikwepa, ilhali ndilo lenye uzito.

Andaa kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 3, kwa mbwa na kwa paka pia, na afisa mifugo wa kata atakueleza inapopatikana.

Usifiche historia ya kung'ata. Mbwa aliyemng'ata mtu hahamishwi, bali hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku ya kung'ata huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Aliyeng'atwa hasubiri siku hizo ziishe: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Watoto wa mbwa au paka wasitenganishwe na mama kabla ya wiki 8.

Kwa maoni yangu, kituo kiwe njia ya mwisho. Paka hodari wa panya hupata kwao upesi kwa wenye maghala ya mpunga Mbarali au ya mahindi Iringa, mradi ghala halitumii sumu ya panya, kwani paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa. Kumtelekeza mnyama sokoni usiku si njia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Popote utakapomkabidhi, andikeni makubaliano, mpe mpokeaji kadi ya chanjo, na umweleze mnyama amezoea kula nini.