Kuhifadhi santuri katika nyumba ya Mji Mkongwe

Adui wa kwanza hapa Unguja ni unyevu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, na ikifika masika jalada lililogusa ukuta huota ukungu. Basi kabati lisimame sentimita 10 kutoka ukutani, na rafu ya chini iinuke 15 kutoka sakafuni, mchwa nao wasipate njia.

Rafu iwe na kina cha sentimita 33. Santuri zisimame wima, zishikane bila kubanana. Ukizilaza moja juu ya moja, uzito huzipinda. Zikiegama, hupinda vilevile, taratibu tu. Mia moja na majalada yake hukaribia kilo 25 hadi 30, kwa hiyo ubao mwembamba utabonyea.

Mifuko ya ndani iwe ya polithini. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu, huacha utando unaokwaruza sauti, na utando huo hautoki.

Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za enzi ya Siti binti Saad, nyingi si vinili, plastiki ya santuri za baadaye, bali ni shelaki, utomvu mgumu wa wadudu: huvunjika kama kigae. Usizifute kwa spiriti kabisa, maana huyeyusha shelaki. Kitambaa laini kikavu kinatosha kwa vumbi.

Ukungu ukishaingia kwenye vinili, ioshe kwa maji yaliyokenekwa na tone la sabuni ya vyombo, isuuze, ianike kivulini. Juani itajikunja kama chapati.