Kabla baruti haijashuka duarani

Iwe ni Sengerema, Misungwi au huko Geita, anza na saa. Baruti haishushwi wakati wa kubadilishana zamu, watu wakiwa wamejazana mdomoni mwa duara, yaani shimo la kushukia mgodini. Wala haishushwi mbingu ikiwa imefunga. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopata radi nyingi zaidi duniani, na fataki ya umeme, kile kiwashio kidogo kinacholipua baruti, haihitaji kupigwa na radi moja kwa moja: mkondo hufuata mabomba na nyaya mpaka chini. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, mzigo ubaki stoo na watu wakae mbali nao.

Vibali vya Tume ya Madini na cheti cha mlipuaji viwe tayari kabla stoo haijafunguliwa. Hilo halina mjadala. Toa kiasi kinachotosha mashimo ya kulipulia ya zamu hiyo tu, andika daftarini, na kitakachobaki kirudi stoo siku hiyohiyo.

Sasa fataki. Baruti nyingi za siku hizi ni sugu kidogo. Fataki ndiyo yenye hasira. Kugongwa, joto, hata umeme tuli wa nguo vyaweza kuilipua. Kwa hiyo ziwe safari mbili: fataki kwenye boksi lake lenye kifuniko, ndani pasiwe na chuma kilicho wazi, na baruti kwenye lake. Mfuko wa suruali wenye simu na funguo si boksi, japo wapo wanaoona ni sawa tu. Kuchomeka fataki kwenye baruti kufanyike kule mwambani, wakati wa kuchaji mashimo, yaani kuyajaza baruti.

Anayesahauliwa ni mwendesha winchi. Aambiwe waziwazi kilichomo ndooni, akague kamba, ndoano na breki, kisha ashushe polepole bila abiria. Anayeshuka kwa ngazi avae mkoba wa mgongoni, mikono ibaki huru. Migodi yenye njia ya magari ikague breki, uvujaji wa mafuta, mitungi ya kuzimia moto na alama za hatari kwenye gari.

Mkubaliane pia winchi ikikwama katikati itakuwaje. Breki ifungwe, walio chini wasogee mbali na shimo la kushukia, na mtu asiitingishe kamba. Fundi aitwe, na simu yake iachwe mbali.