Chinchilla Halisi: Kuchuja, Kupanga Bei na Kulinda Mbegu ya Sungura Adimu

Sungura wa kijivu wamejaa vizimbani Kenya na Tanzania, lakini Chinchilla halisi ni wachache. Aina hii ilionyeshwa Ufaransa mwaka 1913, ikafika Marekani 1919, na huko wafugaji wakaikuza mwili hadi wakapata Chinchilla wa Marekani, mkubwa zaidi: dume kilo 4.1 hadi 5, jike kilo 4.5 hadi 5.4. Yapulize manyoya ya ubavuni. Yakifunguka, utaona miviringo: chini rangi ya samawati iliyoiva kama moshi, katikati weupe wa lulu, juu ncha nyeusi. Miviringo ikififia, au rangi ya kahawia ikichomoza, sungura huyo hafai kuwa mbegu, yaani wa kuzalisha.

Damu inayoingia kwa siri mara nyingi ni ya New Zealand White, sungura mweupe wa nyama, na weupe wake hujificha. Chinchilla aliyeubeba anaweza kuonekana hana kasoro, mpaka akutane na mwenzake aliyeubeba pia; hapo kwa wastani kitoto kimoja kati ya vinne hutoka mweupe mwenye macho mekundu. Kwa hiyo usinunue dume kwa macho tu. Mpandishe kwanza kwa jike mweupe wa New Zealand. Kikitoka hata kitoto kimoja cheupe, dume anabeba. Vikitoka saba na hakuna cheupe, unaweza kumwamini: dume anayebeba hupata matokeo hayo mara 1 tu kati ya 128. Vitoto vyote vya jaribio hilo viende kwenye nyama, hata kile kinachokuvutia, kwa sababu kila kimoja kimerithi weupe kwa mama.

Kuchuja, yaani kuondoa wasiofaa kuwa mbegu, kuna vituo vyake, na kosa kubwa ni kuruka kituo. Siku ya kuzaa, toa waliokufa na uhesabu waliobaki. Jike kwa kawaida ana chuchu nane, kwa hiyo vikizidi nane hamishia vya ziada kwa jike mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili au tatu, ukiwa umevitia alama ya kalamu sikioni ili ukoo usipotee. Usichague rangi wala ukubwa wakati huo. Kitoto kidogo cha siku ya kwanza huenda kilikosa nafasi tumboni tu. Siku ya 21 pima uzito wa vitoto vyote vya jike mmoja kwa pamoja. Uzito huo unakueleza maziwa ya mama kuliko kitu kingine chochote. Linganisha majike yenye idadi sawa ya vitoto.

Wiki ya 8 fungua midomo. Meno ya juu ya mbele yanapaswa kufunika kidogo yale ya chini. Yakigongana ncha au ya chini yakitangulia, sungura huyo ameondoka kwenye mbegu. Meno yanaweza kupinda kwa kuvuta waya, lakini wakijitokeza wawili katika uzao mmoja chukulia ni ya kurithi. Kasoro ikiwa ya kufichika, wazazi wote wawili wanaibeba, na kila ndugu mwenye meno mazuri ana nafasi mbili kati ya tatu ya kuwa nayo pia. Usirudie jozi ile, na usiwauze ndugu hao kwa kadi ya ukoo.

Wiki ya 12 angalia korodani: zote mbili ziwe zimeshuka. Angalia kucha, ziwe nyeusi au za giza. Ukucha mmoja mweupe kwenye sungura wa rangi ni kasoro ya kumwondoa, na baka jeupe kwenye paji la uso ni hivyo hivyo. Pitisha kiganja mgongoni hadi nyonga. Nyonga ziwe pana na za duara, wala mfupa usichome kiganja. Geuza miguu: nyayo zenye manyoya mazito ndizo zinazostahimili sakafu ya waya bila vidonda. Rangi usiihukumu bado. Manyoya ya utoto hudanganya, na Chinchilla huonyesha miviringo yake ya kweli kwenye mwezi wa tano au wa sita wa umri wake. Wafugaji wengi wamechinja dume zuri la miezi mitatu kwa haraka hii.

Jike akiharibu uzao wa kwanza mpe nafasi nyingine. Akiharibu wa pili mwondoe. Dume aliyeshindwa kutia mimba baada ya kipindi cha joto, hasa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, asihukumiwe mara moja. Joto likipita nyuzi 30 mbegu zake za kiume hudhoofika, na huchukua kama miezi miwili kurudi sawa. Mwenye mafua yanayorudi rudi ya makamasi meupe hana msamaha.

Sasa idadi. Madume 3 na majike 6 huhifadhi damu vizuri kuliko dume 1 na majike 10, ingawa jumla ni ndogo. Kwa dume mmoja, undugu huongezeka kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Kwa madume matatu ni asilimia 6 hivi. Gawa kundi katika koo tatu, A, B na C. Binti hubaki kwenye ukoo wa mama yake. Mwana wa A huenda kupanda B, wa B aende C, wa C arudi A. Andika kila kitu siku hiyo hiyo.

Bei ianze kwenye peleti, chakula cha sungura cha kununua. Jike anayezaa mara nne kwa mwaka na kuachisha vitoto 24 hula kilo 55 za kawaida na 28 za ziada za kunyonyesha. Ongeza kilo 18 za sehemu yake ya dume. Hiyo ni kilo 4.2 kwa kila kitoto. Hadi wiki 12 kila kimoja kinakula kama kilo 5 zaidi, na wa mbegu hula 8.4 nyingine hadi wiki 20. Tuseme kilo ya peleti ni shilingi 50 za Kenya, na zidisha kwa 1.5 kufidia dawa, kizimba na kazi. Wa nyama amekugharimu 690, wa mbegu 1,320. Wa nyama akileta 575, umepoteza 115 kwa kila mmoja wa 18 uliowachuja, yaani 2,070, na hasara hiyo lazima ibebwe na sita waliobaki: 345 kila mmoja. Basi 1,665 ndiyo gharama. Faida huanzia juu yake. Anayeuza mbegu kwa 1,500 anafidia kwa kuacha kuchuja, na mnunuzi ndiye analipia.

Usipokee malipo ya awali kabla ya wiki 12, la sivyo mnunuzi atachukua bora wako kabla hujawaona. Bora wawili wa kila kizazi hawauzwi. Anayetaka dume na majike wawili mpe kutoka koo tofauti, na kadi yenye wazazi, mababu, uzito wa wiki 12 na namba ya sikioni. Aliyechujwa huondoka bila kadi, hata mnunuzi akiongeza bei.