Kufungua programu dhibiti ya Sansa e200 iliyosimbwa

Haya yanahusu Sansa e200, kichezeshi cha muziki cha SanDisk, toleo la kwanza tu, ile ya 2006 yenye chipu ya PortalPlayer. Tazama namba ya programu dhibiti (firmware) kwenye mipangilio. Ikianza na 01, twende. Ikianza na 03 hilo ni toleo la pili, chipu nyingine kabisa, na hapa hutapata kitu.

1. Pata faili la sasisho, lile la .mi4. Fanyia kazi nakala.

2. Lifungue kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili. Mwanzoni kuna herufi PPOS. Kichwa kina baiti 0x200, na ndani yake umeandikwa urefu wa sehemu isiyosimbwa. Jumlisha hizo mbili: hapo ndipo sehemu iliyosimbwa inapoanzia.

3. Ufunguo ni wa biti 128, kwa hiyo usipoteze muda kuubahatisha. Watu wa Rockbox, programu dhibiti huria ya vichezeshi, wameuweka kwenye msimbo wa sansapatcher, zana yao ya Sansa, ndani ya jedwali lenye funguo kadhaa. Chukua jedwali zima.

4. Kusimbua. Kijana niliyekuwa namsaidia alikesha hapa. Algoriti ni TEA (Tiny Encryption Algorithm), ya Wheeler na Needham wa Cambridge, 1994. Maktaba za kawaida huzungusha mara 32, na kusimbua huanza na jumla 0xC6EF3720. Waliotengeneza programu dhibiti hii wamezungusha mara 8 tu! Zidisha 0x9E3779B9, namba ya kudumu ya TEA, kwa 8, bakiza biti 32 za chini, unapata 0xF1BBCDC8. Anzia hapo.

Kisha kuna mtego mbaya zaidi: ufunguo hautulii. Kila baada ya baiti 8 unaongezwa 1, na neno (biti 32) la kwanza la ufunguo likijaa unabeba kwenda la pili. Usipofanya hivyo, baiti 8 za mwanzo zinatoka safi na zote zinazofuata ni takataka, nawe unaulaumu ufunguo usio na kosa. Ndiyo maana sipendi maktaba kwenye kazi hii. Andika mwenyewe kwa Python, kazi ni fupi, ila kila hesabu ichujwe kwa 0xFFFFFFFF maana namba za Python hazijai. Maneno yasomwe kuanzia baiti ya chini.

5. Hakiki mwisho wa data: neno la mwisho liwe 0xAA55AA55, yaani 55 aa 55 aa kwenye xxd. Vinginevyo, jaribu ufunguo unaofuata.

6. Ingiza kwenye Ghidra, zana ya kuchambua msimbo wa mashine, na kwenye aina ya kichakataji chagua ARM v4T. Anza na maandishi ya menyu, ufuate nani anayaita.