Kujifunza Msamiati kwa Kufuata Mizizi ya Kigiriki na Kilatini

Mzungumzaji wa Kiswahili anayelisikia neno "usomeshaji" kwa mara ya kwanza hahitaji kukimbilia kamusi, kwa sababu sikio lake hunasa mara moja mzizi "som-", na viambishi vinavyouzunguka humpa sehemu ya maana iliyobaki. Kutokana na mzizi huohuo amekwisha kuzoea somo, msomi, kisomo na usomaji. Kazi hiyo, ambayo huifanya siku nzima bila kuitia maanani, ndiyo atakayoifanya akitaka kuumudu msamiati wa sayansi na tiba, pamoja na maneno mengi magumu ya Kiingereza, kwa kuwa maneno hayo kwa sehemu kubwa yamejengwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini inayojirudia mara kwa mara. Ugumu ni kwamba mizizi hii hakuipata pamoja na lugha ya utotoni. Inambidi aitafute kwa makusudi, aihifadhi akilini, na ajue pia mahali inapoweza kumpotosha.

Wanafunzi wengi huanza kwa kunakili orodha ndefu ya mizizi kwa mpangilio wa alfabeti na kuikariri. Niliwahi kufanya hivyo. Nilijaza kurasa nyingi, na baada ya wiki mbili nilikuwa nakumbuka ile mizizi tu iliyokuwa ndani ya maneno niliyoyatumia. Tangu hapo nimeamini kwamba mzizi hukaa akilini pale unapobebwa na maneno hai, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia kwenye maneno ambayo msomaji tayari anayo.

Anzia kwenye maneno unayoyajua

Kila aliyepita darasani anazijua kilomita, sentimita na milimita. Mfumo wa metriki ulipowekwa kisheria nchini Ufaransa mwaka 1795, viambishi vya kuzidisha vilichukuliwa kutoka Kigiriki na vya kugawanya vikachukuliwa kutoka Kilatini. Ndiyo maana "deka-", "hekto-" na "kilo-", yaani kumi, mia na elfu, ni vya Kigiriki, ilhali "desi-", "senti-" na "mili-", vinavyotaja sehemu ya kumi, ya mia na ya elfu, ni vya Kilatini. Ukilishika jambo hilo moja umepata mizizi sita. "Centum", mia, utaikuta tena katika "century", yaani karne, na katika "percent", yaani asilimia. "Decem", kumi, imo ndani ya Desemba, uliokuwa mwezi wa kumi wakati kalenda ya Warumi ilipoanza mwezi wa Machi, na ukirudi nyuma utaikuta tisa katika Novemba, nane katika Oktoba na saba katika Septemba.

Endelea hivyohivyo na majina ya vyombo na masomo. Telefoni ni "tele", mbali, na "phone", sauti. Fotografia ni "phos", nuru, ambayo ndani ya maneno huwa "photo-", pamoja na "graphein", kuandika, kana kwamba nuru ndiyo inayoandika picha. Jiografia ni "ge", ardhi, na kuandika tena. Mizizi hii michache ikishakaa, ipange upya wewe mwenyewe: mbali na kuandika hutoa telegrafu, ardhi na "logos", neno ambalo hapa hutaja elimu ya jambo fulani, hutoa jiolojia, sauti na elimu hutoa fonolojia. Zoezi hili la kupanga upya linafaa kuliko kukariri, kwa sababu linakulazimisha kuona kwamba vipande ni vilevile.

Usishangae kuona kwamba mizizi mingine ilifika katika Kiswahili zamani, kwa njia ya Kiarabu, ikiwa imebadilika sana. Falsafa ni "philosophia" ya Wagiriki, yaani kupenda hekima. Hata kamusi ina asili hiyo: "qamus" ya Kiarabu ilimaanisha bahari kuu na ilitokana na "okeanos" ya Kigiriki. Al-Firuzabadi, mtaalamu wa lugha aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alilitia neno hilo katika jina la kitabu chake cha msamiati, na baadaye likageuka kuwa jina la kawaida la vitabu vyote vya aina hiyo. Kwa hiyo "ocean" ya Kiingereza na kamusi yetu ni maneno ya ukoo mmoja.

Soma neno kuanzia mwisho

Linganisha kipimajoto na "thermometer". Kiswahili hutaja kwanza jambo kuu, kipima, kisha kinachopimwa, joto. Kigiriki hutanguliza "thermos", joto, na kumalizia na "metron", kipimo. Mpangilio huo umegeuzwa, na katika maneno mengi ya aina hii jambo kuu liko mwishoni. Atakayezoea kuanza kusoma kutoka upande wa kulia atayafungua maneno marefu kwa mfuatano ambao Kiswahili chake kinaukubali.

Chukua "hypoglycemia". Mwisho wake, "-emia", ni hali ya damu, kutoka "haima", damu. Katikati ni "glyc", tamu, ambayo katika tiba hutaja sukari. Mwanzo ni "hypo-", chini. Ukisoma kutoka nyuma unapata hali ya damu, yenye sukari, iliyo chini, yaani upungufu wa sukari katika damu. Badilisha mwanzo tu uweke "hyper-", juu, na umepata kinyume chake. "Otorhinolaryngology" inatisha kwa urefu, lakini ukianzia mwisho ni elimu, kisha zoloto, kisha pua, kisha sikio. Ni tawi lile la tiba linaloshughulikia sikio, pua na koo.

Tiba ndiyo shule nzuri kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu miisho yake ni michache na ina nidhamu. "-itis" hutaja uvimbe unaoambatana na maumivu na joto katika kiungo fulani: "gastritis" ni ya tumbo, "dermatitis" ni ya ngozi, "arthritis" ni ya viungo vya mifupa, na "hepatitis" ni ya ini, ndiyo tunayoiita homa ya ini. Wakati mwingine mzizi huongeza jambo ambalo jina la Kiswahili halikulitaja. "Meningitis" huitwa homa ya uti wa mgongo, lakini "meninx" ni utando, na kweli ugonjwa huo hushambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Anayeujua mzizi anaelewa kwa nini mgonjwa huumwa sana kichwa.

Miisho mitatu ya upasuaji inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hutofautiana kwa herufi chache tu. "-tomy" ni kukata. "-ectomy" ina "ek", nje, kwa hiyo ni kukata na kutoa nje. "-stomy" inatokana na "stoma", mdomo, kwa hiyo ni kufungua tundu. "Gastrotomy" ni kupasua tumbo, "gastrectomy" ni kuliondoa lote au sehemu yake, na "gastrostomy" ni kulifungulia tundu, kwa mfano ili mgonjwa alishwe kwa mrija. Anayezichanganya atadhani kwamba mgonjwa ameondolewa kiungo ambacho bado anacho.

Itambue mizizi inapobadili sura

Anayejifunza huweza kukata tamaa anapoona kiambishi kilekile kimeandikwa kwa namna nne. Kiambishi cha Kilatini "in-", chenye maana ya kukanusha, huwa "im-" katika "impossible", "il-" katika "illegal" na "ir-" katika "irregular". Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili anaifahamu sheria hii kutoka nyumbani. Katika ngeli ya nyumba tunasema nyumba nzuri, lakini hatusemi "nbaya" wala "nbovu". Tunasema mbaya na mbovu, kwa kuwa sauti "n" ikikutana na "b" hugeuka "m". Midomo ya Warumi ilifanya jambo lilelile mbele ya "p", "b" na "m". Vivyo hivyo "con-", pamoja, huwa "com-", "col-" na "cor-". "Ad-", kuelekea, hujificha zaidi, kwa sababu huiga herufi inayofuata; ukiona herufi mbili zinazofanana baada ya "a" ya mwanzo, kama katika "attract" au "assist", mara nyingi huyo ni "ad-".

Vitenzi vya Kilatini navyo huja na sura mbili, moja ya kitenzi chenyewe na nyingine ya jambo lililokwisha kutendwa, na Kiingereza kilichukua zote. Kuandika ni "scrib-" na "script-", hivyo "describe" na "description" ni neno moja lililovaa nguo mbili. Kuona ni "vid-" na "vis-", kutuma ni "mit-" na "mis-", kuongoza ni "duc-" na "duct-". Zihifadhi sura zote mbili kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Tahajia nayo husaidia kutambua asili. Katika Kiingereza, "ph", "rh", "ps" mwanzoni mwa neno, "ch" inayotamkwa kama "k", na "y" iliyo katikati ya neno ni dalili nzuri za Kigiriki. Katika Kiswahili dalili hizo hufutika, kwa kuwa tunaandika tunavyotamka, na mara nyingi tulilipokea neno kupitia matamshi ya Kiingereza. Ndiyo maana "psyche", nafsi, imekuwa "saiko-" katika saikolojia, na "bios", uhai, huandikwa na wengine biolojia na wengine baiolojia.

Andaa daftari la mizizi

Tenga ukurasa mmoja kwa kila mzizi. Juu andika mzizi, lugha yake, sura zake zote na maana yake kwa Kiswahili. Chini yake usiandike neno hata moja ambalo hujakutana nalo katika kusoma au kusikiliza, na kila unaloliandika liambatane na sentensi ulikolikuta. Ukurasa hujaa polepole, na polepole hiyo ndiyo faida yake.

Hivi ndivyo ukurasa wa "specere", kutazama, unavyoweza kuwa. "Inspect" ni kutazama ndani, yaani kukagua. "Spectator" ni mtazamaji. "Prospect" ni kutazama mbele, kwa hiyo ni matarajio. "Respect" ni kutazama tena, kama mtu anayegeuka kumwangalia anayemthamini, ndipo ikawa heshima. "Suspect" ina "sub-", chini, na ni kumtazama mtu kutoka chini, jicho likiwa limefichwa. Ndivyo atazamavyo anayeshuku. Andika picha hiyo ya jicho kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayolishika neno. Anayeandika tafsiri tupu, kwamba "suspect" ni kushuku, amepata neno moja. Anayeiandika picha ameupata mzizi, kiambishi na njia iliyounganisha maana mbili.

Mizizi mitano kwa wiki inatosha. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kasi hiyo hupungua baadaye. Kwa hiyo marudio ya kwanza yafanyike kesho yake, ya pili baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Funika maneno, ubaki na mzizi, uyataje. Siku nyingine funika mzizi, uyaangalie maneno na kuutaja.

Mahali mzizi unapopotosha

Mzizi hueleza mawazo ya aliyelibuni neno, na mawazo hayo huweza kuwa yamepitwa na wakati. Atomu ni "a-", bila, na mzizi uleule wa kukata tuliouona katika upasuaji: kitu kisichokatika. Neno malaria lilitoka Italia, "mala aria", hewa mbaya. Mwaka 1897 uliyapinga majina yote mawili: J. J. Thomson alionyesha kwamba kuna chembe ndogo kuliko atomu, ambazo leo tunaziita elektroni, na Ronald Ross akaviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Oksijeni ilipewa jina na mwanakemia Lavoisier likiwa na maana ya kizaa asidi, kwa kuwa aliamini kila asidi inayo, ilhali asidi hidrokloriki haina kabisa. Jina la hidrojeni, kizaa maji, limebaki kuwa kweli, maana hidrojeni ikiungua hutoa maji.

Hatari nyingine ni mizizi inayofanana kwa sura. "Ante-" ya Kilatini ni kabla, "anti-" ya Kigiriki ni dhidi. "Homo" ya Kilatini ni mtu, lakini "homo-" ya Kigiriki ni sawa au namna moja. Inayosumbua zaidi ni "ped-": katika "pedal" na "pedestrian" ni mguu kwa Kilatini, katika "pediatrics" ni mtoto kwa Kigiriki.

Kwa sababu hiyo nina utaratibu ambao siuachi. Ninapokutana na neno geni ninaandika kwanza maana ninayoikisia kutokana na mizizi, kisha ninaipima kwa sentensi nzima, na mwisho ninafungua kamusi. Kisio likiwa sahihi ninaliingiza neno kwenye ukurasa wake; likiwa si sahihi ninaandika pia sababu ya kukosea. Nilipolikuta "pedology" nilikisia elimu ya watoto, lakini sentensi ilikuwa ikizungumzia mchanga, mfinyanzi na mboji. Kamusi ikaonyesha kwamba ni elimu ya udongo, kutoka "pedon" ya Kigiriki, ardhi tunayoikanyaga, na ikanibidi kufungua ukurasa wa tatu wa "ped-".